Mji Ulioshindwa na Njaa

Upande wa magharibi wa nchi ya Ugiriki, pwani ya kaskazini ya Ghuba ya Patras, uko mji mdogo uitwao Missolonghi. Hauna mlima wa kuukinga. Umekaa juu ya nchi tambarare, na mbele yake yameenea maji ya chumvi yasiyo na kina, ambayo wavuvi wa huko huyapitia kwa mashua bapa, lakini marikebu ya vita haiwezi kuyasogelea. Kwa bandari, maji ya namna hiyo ni hasara. Kwa Missolonghi ndiyo yaliyokuwa uzima, na yalipotekwa mji ulikufa.

Wagiriki waliasi utawala wa Sultani wa Uturuki mwaka wa 1821. Missolonghi ulizingirwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka wa 1822, nao ukasimama. Baada ya hapo fundi mmoja wa ujenzi wa ngome, jina lake Michael Kokkinis, aliujengea mji boma la udongo lenye handaki mbele yake, na vituo vya mizinga akavipa majina ya watu mashuhuri, mmojawapo Benjamin Franklin wa Marekani. Katika Januari 1824 alifika mshairi wa Kiingereza, Lord Byron, aje kuwasaidia Wagiriki kwa mali yake na kwa jina lake. Hakupata kupigana, kwani alikufa kwa homa humo mjini tarehe 19 Aprili mwaka ule ule. Kifo chake kiliwafanya watu wengi wa Ulaya walijue jina la mji ambao hapo kwanza hawakuwa na habari nao.

Mwaka mmoja baadaye, mwishoni mwa Aprili 1825, Reshid Mehmed Pasha alifika na jeshi kubwa. Inasimuliwa ya kuwa Sultani Mahmud II alikuwa amempa maneno mawili tu achague: ama mji, ama kichwa chake. Basi Reshid alijitahidi kama mtu anayeokoa shingo yake. Alipiga mizinga, akajaza handaki kwa udongo, akachimba njia chini ya ardhi na kutia baruti ili aliangushe boma. Kila palipobomoka mchana, wenyeji walipaziba usiku, wanawake na watoto wakichukua udongo pamoja na askari. Na chakula kilipopungua, amiri Andreas Miaoulis alikuja na majahazi ya visiwani, akawatawanya Waturuki baharini, na mashua bapa zikapitisha nafaka na baruti katika maji yale haba. Ndivyo ilivyokuwa katika Agosti 1825, na tena katika Januari 1826.

Humo ndani mlikuwa na jambo ambalo mpenda kusoma hatalipita. Mswisi mmoja, Johann Jakob Meyer, alikuwa akipiga chapa gazeti lililoitwa Ellinika Chronika, yaani Habari za Ugiriki. Lilianza Januari 1824, na hata makombora yalipokuwa yakianguka lilizidi kutoka, likieleza nani ameuawa, ukuta upi umebomoka na marikebu zipi zimeonekana. Meyer alikuwa ameoa katika mji ule, naye hakuukimbia. Gazeti lilikoma katika Februari 1826, baada ya mitambo kuharibiwa na makombora.

Karibu na mwisho wa mwaka wa 1825 alifika Ibrahim Pasha, mwana wa Muhammad Ali wa Misri, pamoja na jeshi lililofundishwa na maofisa wa Kifaransa. Wengi wa askari hao walikuwa wakulima waliotwaliwa kwa nguvu kutoka mashamba yao ya mto Nili, wala vita ile haikuwahusu hata kidogo. Ibrahim alimcheka Reshid kwa kuzuiliwa miezi mingi na kitu alichokiita ua wa nyumba. Akashambulia mwenyewe katika Februari, akarudishwa na hasara kubwa. Toka hapo hakucheka tena.

Ndipo alipofanya lile ambalo lilifaa kufanywa tangu mwanzo. Aliuacha ukuta, akayageukia maji. Alileta mashua bapa zenye mizinga, akakitwaa kisiwa cha Vasiladi kilicholinda mlango wa maji, kisha mji mdogo wa Anatoliko. Katika kisiwa cha Klisova mambo yalikuwa mengine. Wagiriki wachache, wapatao mia na kitu, walisimama nyuma ya boma dogo lenye kanisa tarehe 6 Aprili, wakawapiga Waturuki na Wamisri waliokuja kwa miguu wakizama katika tope, na jemadari Hussein Bey akauawa hapo. Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini haukuleta hata kibaba cha unga. Maji yalikwisha fungwa.

Njaa ilikuwa imeingia. Waliwala farasi na punda, kisha mbwa na paka, kisha panya. Walichemsha majani machungu ya baharini, nayo yakawatia maradhi. Miaoulis alirudi katika Aprili, lakini safari hii merikebu za adui zilikuwa nyingi mno, akashindwa kupenya. Hapa lawama yaiangukia serikali ya Wagiriki iliyokaa Nafplio. Kwa hesabu ya karatasi ilikuwa imekopa London pauni 800,000 mwaka wa 1824 na pauni 2,000,000 mwaka wa 1825. Sehemu kubwa haikufika, na katika ile iliyofika, nyingi ililiwa na ugomvi wa wakubwa wao kwa wao. Mabaharia hawatweki tanga bila mshahara. Watu wa Missolonghi walipokuwa wakihesabu punje, huko Nafplio hazina ilikuwa tupu.

Adui alitaka waweke silaha chini ndipo aongee nao, nao wakakataa. Wakaamua kutoka wote usiku wa tarehe 22 Aprili 1826, siku ya Jumamosi kabla ya Jumapili ya Mitende, wapenye katikati ya jeshi la adui hadi milimani. Palikuwa na watu 9,000 au zaidi, na wenye kuweza kupigana walikuwa sehemu tu. Swali lililokuwa zito kuliko adui lilikuwa hili: wafanyweje wanawake, watoto na wagonjwa? Inasimuliwa kwamba wengine walishauri wauawe, wasije wakauzwa utumwani, na Askofu Joseph akalikataza shauri hilo kwa nguvu zote. Basi wanawake wengi walivaa nguo za kiume na kushika panga, na watoto wakanyweshwa afyuni wasilie. Wasioweza kutembea waliagwa na kuachwa.

Lakini habari zilikuwa zimemfikia adui, na msaada waliokuwa wakiungoja kutoka milimani haukuja kama walivyotumaini. Askari walipokwisha kuvuka handaki, sauti ilisikika gizani ikisema, "Rudini nyuma!" Aliyeisema hajulikani hata leo. Waliokuwa nyuma, wengi wao wake na watoto, wakageuka na kurudi mjini, na adui akaingia pamoja nao. Mzee Christos Kapsalis alikusanya wagonjwa, wazee na wanawake katika nyumba ya baruti, akangoja Waturuki wajae, akaiwasha. Askofu Joseph naye aliwasha baruti katika kinu cha upepo. Meyer hakufika milimani, wala mkewe. Waliookoka hawakufika 2,000, na wanawake miongoni mwao walikuwa wachache mno. Maelfu waliuzwa utumwani.

Habari hizi zilipofika Ulaya ziliwachoma watu. Mchoraji Mfaransa, Eugène Delacroix, alichora mwaka ule ule picha ya Ugiriki kama mwanamke aliyepiga goti juu ya magofu ya Missolonghi. Serikali zilizokuwa zikisitasita zikashindwa kuendelea kunyamaza. Uingereza, Ufaransa na Urusi zilitia sahihi mkataba huko London tarehe 6 Julai 1827, na tarehe 20 Oktoba merikebu zao zikaiangamiza merikebu ya Uturuki na Misri katika ghuba ya Navarino. Uhuru wa Ugiriki ulikubaliwa London tarehe 3 Februari 1830. Missolonghi wenyewe ulikuwa umerudi mikononi mwa Wagiriki tangu Mei 1829, na hata leo kila mwaka, siku zile za kabla ya Jumapili ya Mitende, wenyeji hufanya maandamano ya kuukumbuka usiku ule.