Tusiwachome Nyuki Tunaporina Asali



Ndugu zetu Waislamu, watoto wa madrasa hufurahi sana tunapofika Suuratun-Nahl, Aya ya 68 na 69. Wanapenda kusikia kwamba Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) amempa nyuki ilhamu afanye nyumba zake milimani, mitini na katika vile wanavyovijenga watu, na kwamba kinywaji kinachotoka matumboni mwao kina shifaa kwa wanaadamu. Wanazihifadhi haraka. Kisha msimu wa kurina unafika, na baadhi ya watoto hao hao wanabeba mienge ya nyasi na kumfuata baba porini kwenda kuwachoma nyuki.

Tunazungumzia Yumbe, West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, wilaya ambayo wakaazi wake wengi ni Waislamu. Mzinga wa kienyeji huko ni gogo lililotobolewa ndani, au kikapu kirefu kilichosukwa na kukandikwa mavi ya ng'ombe, kikawekwa juu ya mti. Nyuki huingia wenyewe. Mwenye mzinga hawalishi. Wao huenda kwenye maua ya mishea na miti mingine ya porini, na yeye kazi yake ni kungoja. Ni rizki nyepesi mno, alhamdulillaah, na pengine wepesi huo ndio unaotufanya tusiithamini.

Usiku wa kurina, mrinaji hupanda na mwenge unaowaka na kuusogeza kwenye mdomo wa mzinga. Nyuki walinzi huungua, wengine huanguka chini mabawa yakiwa yameshika moto. Kisha hutolewa kila kilichomo: masega ya asali, masega yenye majana, hata yale ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta. Nyuki wachache wanaosalia huhama. Hatusemi kila mrinaji hufanya hivi, ila ni wengi, na wamo wanaoswali safu ya mbele.

Ndugu zetu, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza kuuawa wanyama wanne, nao ni chungu, nyuki, hudhud na ndege aitwaye surad. Hadiyth hii ya Ibn 'Abbaas imo katika Sunan Abi Daawuud. Na Maswahaba walipochoma kijiji cha chungu safarini, aliwafahamisha kuwa hastahiki kuadhibu kwa moto ila Mola wa huo moto. Mwenge wa mrinaji unagusa makatazo yote mawili kwa pamoja.

Wazee hutujibu kwamba nyuki wa Afrika ni wakali, na asiye na moto atauawa. Ni kweli ni wakali. Lakini kinachowatuliza nyuki ni moshi, si mwali. Mavi ya ng'ombe makavu yakiwekwa kwenye chungu chenye matundu hutoa moshi wa kutosha bila kuunguza hata bawa moja. Wachache wakifa kwa bahati mbaya, hilo ni tofauti na kukusudia kuwateketeza. Na kiangazi, cheche ya mwenge huo ikiangukia nyasi kavu, pori lote huwaka. Tangu kambi ya Bidi Bidi ilipofunguliwa mwaka 2016, ikapokea zaidi ya wakimbizi 200,000, miti mingi imekatwa kwa kuni na ujenzi. Hatuwalaumu waliokimbia vita, nao wanahitaji kupika. Tunasema tu kwamba miti iliyobaki haistahimili tena moto wa mrinaji.

Hata kwa hesabu ya sokoni hakuna faida. Asali iliyochanganyika na majana na masega mabichi huchacha upesi, hunuka moshi, na mnunuzi huipunguzia bei. Wapo wanaoificha kasoro hiyo kwa kuongeza sukari, kisha wakaiuza mlangoni mwa msikiti baada ya Ijumaa wakisema ni dawa ya Sunnah! Mgonjwa anayenunua kwa kuiamini Aya anauziwa maji ya sukari. Huo ni ghushi, na haubadilishwi jina na kanzu ya muuzaji.

(Akina mama, hapo hapo tuwakumbushe: asali, hata iwe safi vipi, asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvikabili, na madaktari wamelithibitisha hilo. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alifanya tahniyk kwa tende.)

Rai yetu ni hii. Kila msikiti wa kijijini uweke waqfu wa kurinia: bomba moja la moshi, mavazi mawili ya kujikinga yenye wavu wa usoni, glavu na mabuti. Mwenye mizinga mitatu hawezi kuvinunua peke yake, lakini jamaa nzima ya msikiti inaweza. Imamu au mwalimu avitunze na kuviazima kwa zamu, kwa sharti kwamba anayeazima haendi na mwenge, hagusi masega ya majana, na anawaachia nyuki sehemu ya asali yao. Akirudisha, alete chupa moja kwa ajili ya wanafunzi wa madrasa.

Wabillaahit-Tawfiyq.