KONA YA WALIMU: Kamera kubwa ya zamani, inunuliwe?

Vijana wa darasa la jioni wanachanga pesa za kununua kamera ya kupigia picha za familia. Huko Bwera wameonyeshwa Mamiya Universal, likamera la Kijapani lililotoka mwaka 1969 kwa ajili ya wapiga picha wa magazeti. Muuzaji anasema ni chuma tupu, haifi. Wazazi wanatuuliza: pesa ya watoto haitapotea?

Uzuri inao. Haitaki betri, hata sola ikilala inapiga. Negativu yake ya sentimita 6 kwa 9 ni kama mara tano ya ile ya filamu ya kawaida ya milimita 35. Bibi akae katikati, wajukuu wote wamzunguke, kila sura itaonekana. Kwetu tulioondoka nyumbani bila hata picha moja ya waliobaki, hilo si jambo dogo.

Sasa geuzeni mgongo wake, hapo ndipo watu wanapoliwa. Mgongo wa kamera hii unabadilishwa. Upo wa filamu ya kuviringisha, namba 120, na upo wa picha za papo hapo. Huo wa pili msiuguse! Polaroid walitangaza kuacha filamu zao mwaka 2008, na Fujifilm waliobaki nayo wakaacha 2016. Ni sanduku tu siku hizi, hata akiwaongezea na kuku juu. Filamu ya 120 bado inatengenezwa.

Halafu lenzi. Itazameni mwangani: mkiona nyuzi kama za buibui, ni kuvu. Wekeni kwenye sekunde moja, bonyezeni, sikilizeni. Ikikwama au ikichelewa kufunga, grisi imekauka, na fundi wa kamera hizi si rahisi kumpata. Kisha lengeni kilele cha mlima kule Rwenzori, lenzi ikiwa kwenye alama ya mbali kabisa. Ndani ya kitundu mtaona vivuli viwili vya mlima. Visipokutana, picha zitatoka na ukungu.

Gharama nayo mbona hakuna aliyeiuliza? Rola moja inatoa picha 8 tu, au 10 mkitumia mgongo wa 6 kwa 7. Kila picha unakaza lenzi kwa mkono na kusogeza filamu mwenyewe. Ukisahau, shangazi anatokea juu ya mbuzi. Nyeusi na nyeupe tunaweza kusafisha wenyewe gizani, kwa dawa na maji safi. Ya rangi inataka maabara.

Sisi tunaona hivi: ulizieni kwanza bei ya filamu na mahali pa kuipata. Kama haipatikani kwa urahisi, chukueni kamera ndogo ya dijitali, picha zichapwe Kasese. Kama inapatikana, mwambieni muuzaji aje nayo Jumamosi darasani tuijaribu pamoja, na pesa ibaki kwa mweka hazina mpaka hapo.