Mauzo Yapo, Hela Iko Wapi?

Leo nasema kitu ambacho wengine hamtakipenda. Kila siku tunafundishana jinsi ya kupata wateja: piga picha nzuri, weka stetasi asubuhi na jioni, jibu meseji haraka. Sawa kabisa. Lakini kwa ninavyoona mimi, wengi wetu hatujakwama kwa kukosa wateja. Tumekwama kwa sababu hela ya biashara tunaila kidogo kidogo bila kujua.

Nawaambia yaliyonikuta. Nauza madera mtandaoni, nakaa Mbagala, mzigo nachukua Kariakoo. Ramadhani iliyopita nilichukua madera 40 kwa bei ya jumla, shilingi 12,000 kila moja. Mtaji 480,000. Nikawa nauza 18,000, na ndani ya wiki tatu yakaisha yote. Nikajiona bosi.

Akaja dada mmoja, anataka madera 50 ya sare ya harusi. Tukakubaliana 16,000. Advansi hakutaka kutoa, alishawahi kutapeliwa mtandaoni, akasema auone mzigo kwanza ndiyo alipe. Sikumlaumu. Mzigo wote ulihitaji 600,000, na mimi kwa mauzo yale nilitakiwa niwe na 720,000.

Naangalia salio kwenye simu: 410,000.

Yaani faida yote ya 240,000 haipo, na mtaji nao umeliwa 70,000. Yule dada akaenda kwa mwingine, na faida ya 200,000 ikaondoka naye. Na jamani, sikununua simu mpya, sikuibiwa, sikwenda kula bata popote.

Usiku ule nikakaa na daftari, nikapitia meseji zote za miamala za siku 21. Boda za kwenda na kurudi Kariakoo mara 8: 96,000. Kila mteja akiulizia rangi moja, mimi mbio. Chakula cha kununua, 4,000 kwa siku: 84,000. Bando la siku, 2,000 kila siku: 42,000. Makato ya kutoa kwa wakala mara 19: 28,500. Zilizobaki, 59,500, ni michango, kuazima watu, na vitu ambavyo mpaka leo sivikumbuki.

Hakuna hata kimoja hapo cha kipuuzi. Mtu lazima ale, lazima aingie mtandaoni. Ndiyo maana hata sikushtuka. Haba na haba hujaza kibaba, ila haba na haba hiyohiyo ndiyo inayokimaliza.

Najua kuna atakayesema, "Sasa nitakula nini? Sina mshahara, faida ndiyo maisha yangu." Kula, ndugu yangu. Mimi pia nakula humohumo. Tatizo langu halikuwa kula faida, tatizo nilikuwa sijui nimekula kiasi gani. Hela ya mteja na hela ya chipsi zilikuwa kwenye laini moja. Ukiona salio kubwa unahisi ni lako, kumbe nusu yake na zaidi ni mzigo unaofuata.

Nilichobadilisha ni hiki. Laini ya biashara ni ya biashara tu. Kila Jumamosi najilipa 40,000 kwenda laini yangu, na ikiisha Jumatano, imeisha, nasubiri. Kariakoo naenda Jumatatu na Alhamisi tu: naenda kwa daladala, narudi na boda nikiwa na mzigo. Oda za wateja nazikusanya, na nawaambia siku ya kupata tangu mwanzo. Hajakimbia mtu kwa sababu hiyo. Wiki tatu za usafiri sasa hazifiki 45,000. Chakula natoka nacho nyumbani, Ijumaa najipa chipsi mayai zangu kwa amani.

Bando, chukua bei gawanya kwa MB, la siku na la wiki, uone lipi linakuumiza. Kutoa hela, usitoe kidogo kidogo mara tano kwa wiki, maana kila ukitoa unakatwa. Na kabla hujatoa, muulize anayekuuzia mzigo kama ana lipa namba, kisha ulinganishe makato.

Ila msibane pasipobanika. Mfuko mzuri wa kumfungia mteja mzigo usiuguse. Niliwahi kutumia mifuko ya bei chee, mvua ikanyesha, dera likafika limelowa. Hela yote nikarudisha. Bana kwako wewe mmiliki, usibane kwa mteja.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kabla hujatafuta wateja wapya, jua kwanza hela ya wateja ulionao imeenda wapi. Vinginevyo unajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Leo usiku usiangalie stetasi za watu. Fungua meseji zako za miamala za siku saba, chukua daftari, andika kila kitu, hata ile ya 500. Jumlisha. Halafu linganisha na faida yako ya wiki hiyohiyo. Ukishapata jibu, najua hutahitaji mtu wa kukushauri tena.