Bendera ya inchi: tuiheshimu, tusiiabudu

Huku Nyamitaba, kama kotekote Masisi na Walikale, watoto wengi wanakutana na inchi yao kwanza kwenye uwanja wa shule. Wanapanga mistari, wanaimba wimbo wa taifa, bendera inapanda. Kwa kuwa shule nyingi za hapa ziko chini ya makanisa, namna bendera inavyotunzwa inatuhusu.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 1, inaieleza wazi: rangi ya samawati, nyota ya manjano kwenye pembe ya juu kushoto, na mstari mwekundu wa mshazari wenye manjano pembeni. Ukiona nyota iko chini, ujue bendera imepinduliwa. Ishushwe na kufungwa upya.

Desturi nyingine ni rahisi. Bendera inapandishwa haraka na kushushwa polepole. Isiguse udongo, isilale nje usiku, isiandikwe maneno, isifanywe kitambaa cha meza. Siku ya maombolezo inafika kwanza juu kabisa, kisha inateremshwa mpaka nusu ya mlingoti. Ikichanika au kupauka, iondolewe kwa heshima. Kuacha nyuzi zikining'inia kunafundisha watoto kwamba inchi yao haina mwenyewe.

Kanisani tuwe waangalifu zaidi. Bendera ikiletwa kwenye ibada ya shukrani ya tarehe 30 Juni, ikae kando. Isifunike msalaba wala kutandikwa juu ya meza ya Bwana. Paulo anatuagiza kuwaombea wenye mamlaka (1 Timoteo 2), na vijana watatu wa Danieli 3 wanatukumbusha kwamba magoti yetu ni ya Mungu peke yake.

Historia yetu inaonyesha hatari hiyo. Mwaka 1971 Mobutu aliibadilisha bendera na kuweka ile ya kijani yenye mwenge, alama iliyotoka katika chama chake cha MPR. Mwananchi aliposimama mbele yake, alikuwa anaheshimu inchi au chama? Mwaka 1986 serikali hiyo ilipiga marufuku Mashahidi wa Yehova, waliokuwa wanakataa kusalimu bendera. Sisi hatufuati mafundisho yao. Hata hivyo, heshima inayotolewa kwa kuogopa kifungo ni hofu tu.

Ndiyo maana lazima tuseme pia juu ya barabarani. Mpita njia kusimama bendera inapopanda au kushuka ni desturi nzuri, na tunaifundisha. Lakini mama mwenye mzigo mgongoni asiyeona bendera, kisha akazuiwa mpaka atoe pesa, hajafundishwa kupenda inchi. Amenyang'anywa. Mwenye kufanya hivyo ndiye anayeichafua bendera.

Kuna jambo zito zaidi. Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Chini yake kulikuwa na maswali ya ardhi na ya nani ni Mkongomani. Maswali hayo bado yanaua. Kila tarehe 4 Januari tunawakumbuka mashujaa wa uhuru wa mwaka 1959, ambao damu yao, tunafundisha, ndiyo ule wekundu wa bendera. Tarehe hiyohiyo, mwaka 2025, M23 iliingia Masisi-Kati, na jamaa nyingi zikakimbia tena. Kila mwenye bunduki anayepita milimani anasema anapigania inchi. Bendera haimpi yeyote ruhusa ya kumhesabu jirani yake kuwa mgeni. Mhunde, Mhutu, Mtutsi, Mnyanga na Mtembo wanasimama chini ya kitambaa kimoja, na maneno ya taifa ni Haki, Amani, Kazi.

Basi, wachungaji, wazee na wakurugenzi wa shule, tunawaomba mambo mawili. Kagueni bendera zenu, zilizochoka zibadilishwe. Kisha, watoto wakiisha kuimba, waambieni kwamba mtoto wa kabila lingine aliyesimama kando yao, hata yule aliyefika jana akikimbia vita, ni wa bendera ileile. Neno hilo likikosekana kila asubuhi, mti wa bendera utabaki mti tu.

Bwana ailinde Masisi na Walikale.