Chama kiliondoka, deni likabaki

WAHENGA walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Wiki hii tunawaomba vijana wote mlioko vijiweni, kuanzia Manzese hadi Mwanjelwa, mtafakari harusi moja iliyochezwa mbali, huko Ulaya, na matanga yake ambayo wananchi wa kule bado wanayakalia.

Nchi yenyewe inaitwa Montenegro. Ni nchi ndogo. Sensa yao ya 2023 ilihesabu watu wapatao 623,000 tu. Wilaya yetu ya Kinondoni peke yake, kwa Sensa ya 2022, ina watu zaidi ya 980,000. Lakini kwa milima, nchi hiyo haina mchezo. Aliyewahi kupanda basi la Mbeya akakishika kiti kwa mikono miwili pale Kitonga, basi aifikirie Kitonga inayoanzia mlangoni mwa mji mkuu na kuendelea mpaka mpakani.

Wakubwa wa nchi hiyo waliwaahidi wananchi barabara kuu ya kisasa, ya njia nne, kutoka bandari ya Bar hadi Boljare, mpakani na Serbia. Urefu wote ni zaidi ya kilometa 160. Haja ilikuwepo, na sisi hatutaki kumdanganya mtu. Barabara ya zamani inayopita kwenye korongo la mto Morača ilikuwa inaua. Juni 2013 basi la watalii kutoka Romania lilitumbukia humo, watu 18 wakapoteza maisha. Atakayesema wale watu hawakustahili barabara nzuri, huyo ni mwongo.

Sasa tatizo liko wapi? Tatizo liko kwenye makaratasi yaliyotangulia makatapila.

Februari 2014 serikali ya Montenegro ilitia saini mkataba na kampuni ya China, CRBC. Bei ilikuwa euro milioni 809 na ushee. Kwa barabara yote? Hapana! Kwa kipande cha kilometa 41 tu, kutoka Smokovac, nje kidogo ya mji mkuu Podgorica, hadi Mateševo. Kilometa 41 ni kama kutoka Posta hadi Kibaha. Piga hesabu mwenyewe: karibu euro milioni 20 kwa kila kilometa.

Ni kweli kwamba mlima unakula fedha. Zaidi ya nusu ya kipande hicho ni madaraja na mahandaki. Daraja moja, la Moračica, limesimama karibu mita 200 juu ya korongo. Kazi ya namna hiyo haifanywi kwa michango ya harambee. Oktoba 2014 benki ya Exim ya China ikatoa mkopo wa dola milioni 944, wa kulipwa kwa miaka 20, riba asilimia 2, miaka sita ya mwanzo bila kugusa deni lenyewe. Gawa kwa vichwa: zaidi ya dola 1,500 kwa kila raia, kuanzia kichanga hadi kikongwe.

Ukiusoma juu juu, mkopo huo ni asali. Nyuki walikuwa ndani.

Nyuki wa kwanza: tafiti. Kabla ya mkataba huo tafiti zilikwishaonyesha kwamba magari ni machache mno kuweza kurudisha gharama. Wawekezaji waliojaribu mwanzo, wa Croatia na baadaye wa Ugiriki na Israel, walishindwa kupata fedha. Mwenye fedha zake akikataa kuziweka mahali, mtu mwenye akili anauliza kwa nini. Wakubwa wa Montenegro hawakuuliza.

Nyuki wa pili: sarafu. Montenegro inatumia euro, tena euro ambayo haiichapishi yenyewe. Mkopo ukawa wa dola. Euro ilipoporomoka mbele ya dola, deni likavimba bila barabara kuongezeka hata hatua moja. Kijana unayeuza simu Kariakoo hili huhitaji kufundishwa. Dola ikipanda, mzigo wako hupanda hata kama hujaongeza kitu kwenye meza.

Nyuki wa tatu: mahakama. Mkataba wa mkopo ulisema ugomvi wowote utaamuliwa Beijing, na Montenegro ikaivua kinga yake kama dola, isipokuwa kwa mali za kibalozi na za kijeshi. Wapo waliozusha kwamba China imekwishanyakua ardhi ya nchi hiyo. Si kweli, na sisi hatuuzi uzushi. Lakini kuikabidhi kinga ya nchi nzima kwa ajili ya kilometa 41 ni jambo la kumnyima usingizi kiongozi yeyote mwenye haya.

Matanga yalianza mapema. Ili kuziba pengo la bajeti, serikali ilibana mishahara ya watumishi, ikafuta malipo waliyokuwa wakipewa akina mama wenye watoto, na Januari 2018 ikapandisha VAT kutoka asilimia 19 hadi 21. Angalieni waliochangishwa! Mama mzazi, karani wa serikali na mnunuzi wa mkate. Mkandarasi je? Yeye alisamehewa ushuru wa forodha na VAT kwa vifaa vya mradi.

Barabara iliyoahidiwa kukamilika Mei 2019 ilifunguliwa Julai 2022. Wakati huo chama kilichotia saini hakipo tena madarakani. Chama cha DPS, kilichotawala kwa miaka 30, kiliangushwa kwenye uchaguzi wa Agosti 2020. Wananchi walishangilia usiku kucha. Asubuhi walipofungua kabati la serikali, wakalikuta deni limekaa palepale, linawatazama. Mwaka huo deni la taifa lilizidi asilimia 100 ya pato la nchi, kwani ugonjwa wa corona nao ulikuwa umefukuza watalii. Mwaka 2021 Naibu Waziri Mkuu mpya, Dritan Abazović, alikwenda kuuomba Umoja wa Ulaya usaidie. Akajibiwa kwamba Umoja haulipi madeni ambayo mtu amekopa kwingine.

Ndiyo maana tunasema chama kiliondoka, deni likabaki. Saini ya mtawala haiondoki na mtawala.

Leo mwenye gari dogo analipa euro 3.50 kupita kwenye njia hiyo nzuri, kisha inamtema Mateševo, kijiji milimani. Zaidi ya kilometa 100 za ahadi ile hazijajengwa, na kwa kipande kinachofuata serikali imelazimika kutafuta mkopo mwingine.

Wapambe watasema tunawachukia Wachina. Hapana. Baba zetu walijenga TAZARA pamoja na Wachina kati ya 1970 na 1975, kilometa 1,860, wakatoboa milima kati ya Mlimba na Makambako kwa mahandaki. Mkopo ule haukuwa na riba hata senti. Mjenzi aliyekuja kwetu na aliyekwenda Montenegro wametoka nchi moja. Kilichotofautiana ni masharti, na masharti hukaa kwenye mkataba.

Msijidanganye kwamba haya ni ya Ulaya. CRBC hiyohiyo, kwa mkopo wa Exim hiyohiyo, ndiyo iliyojenga reli ya kisasa ya Mombasa–Nairobi iliyofunguliwa 2017. Wakenya waliusaka mkataba wake hadi mahakamani, na sehemu yake ikawekwa wazi Novemba 2022, baada ya serikali kubadilika. Ndani wakakuta nini? Ugomvi kuamuliwa China, na kinga ya nchi imevuliwa.

Na sisi Watanzania je? Tumekwishaonja. Mwaka 2017 ndege yetu mpya ya Bombardier ilizuiwa Canada kwa sababu ya deni la dola zipatazo milioni 38 la kampuni ya Stirling. Deni hilo lilitokana na nini? Mkataba wa barabara uliovunjwa! Aliyelitoboa jambo hilo mbele ya wananchi ni Tundu Lissu, Agosti mwaka huo. Badala ya kuwaeleza wananchi kwanza, serikali iliwanyooshea kidole wanasiasa kwamba wanahujumu nchi. Kosa likawa kusema, si kudaiwa.

Mwaka 2022, mwezi Oktoba, ukasainiwa mkataba wa bandari na Dubai. Mwenye bandari, yaani mwananchi, alikuja kuusikia 2023 ulipokuwa unapelekwa Bungeni kupitishwa. Huu ndio utaratibu wao: kwanza saini, baadaye semina.

Kwa miaka kadhaa sasa tunaimbiwa barabara ya haraka ya kulipia kutoka Kibaha kwenda Chalinze na Morogoro. Sisi hatuipingi. Foleni ya Mlandizi tunaijua, na ajali za njia ile zimetumalizia ndugu. Barabara hiyo ijengwe. Lakini kabla greda halijawashwa, tunataka majibu ya maswali manne, na tunayataka hadharani.

Moja, utafiti wa idadi ya magari unasema nini, na magari yakiwa pungufu nani anafidia? Mbili, malipo ni kwa shilingi au kwa dola, na shilingi ikianguka hasara ni ya nani? Tatu, ugomvi utaamuliwa wapi, na ni mali gani ya Watanzania imewekwa rehani? Nne, asiye na fedha ya tozo atapita wapi, na njia yake itatunzwa au itaachwa ife?

Mwenye mkataba safi hana sababu ya kuuficha. Anayeficha mkataba wa barabara anaficha mojawapo kati ya mawili: ujinga wake au asilimia kumi yake.

Kijana, wewe una miaka 22 leo. Mkopo wa miaka 20 utamalizika ukiwa na miaka 42, una watoto shuleni na mama wa kumtibu. Wanaotia saini leo wengi watakuwa wamestaafu, wamejengewa nyumba na wamepewa gari na dereva. Wewe ndiye utakayekatwa kwenye luku, kwenye mafuta, kwenye muamala wa simu. Huwezi kusema haya ni mambo ya wakubwa, kwa sababu wakubwa hawatakuwepo siku ya kulipa.

Kwa hiyo mbunge wenu au diwani wenu akija mtaani na wimbo wa barabara, mpeni kiti, mpeni maji, msikilizeni kwa heshima. Akimaliza, asimame mmoja wenu amuulize: Mheshimiwa, mkataba uko wapi tuusome?