LAINIBEKA MKABAJI NAYE APEWE HAKI YAKE



Wapo wanaosema kuchagua nyota wa mpira wa Kimarekani ni kazi ndogo. Eti hesabu tu nani kamwangusha mrushaji wa wapinzani mara nyingi, basi, huyo ndiye lainibeka bora. Maneno haya nayapinga.

Kwanza tuelewane. Lainibeka ni mlinzi wa mstari wa pili. Anasimama nyuma ya wale majitu wa mbele. Lakini jina hilo moja limebeba kazi mbili. Yupo wa pembeni, kazi yake kubwa ni kumvamia mrushaji, yaani kotabeki, amwangushe kabla mpira haujamtoka mkononi. Yupo na mwingine: anasoma mchezo, anamkaba mkimbiaji, anarudi nyuma kuzuia pasi. Wa kwanza akiangusha, uwanja mzima unasimama, na ligi ya NFL inaandika rasmi tangu 1982. Wa pili je? Pasi ambayo haikurushwa kwa sababu yeye alikuwa pale, nani ataiandika?

Kuwapima hawa wawili kwa kipimo kimoja ni sawa na kumpima mpalizi na mbeba magunia kwa idadi ya magunia. Mpalizi atashindwa kila mwaka, na shamba bila yeye ni majani matupu.

Ushahidi upo. Msimu wa 2013 Lavonte David wa Tampa Bay alinasa pasi 5 za wapinzani na kuangusha wakimbiaji wengi. Waandishi wa Associated Press wakamweka katika kikosi cha kwanza cha All-Pro, ligi nzima. Lakini kikosi cha Pro Bowl, kinachopigiwa kura na mashabiki, wachezaji na makocha, hakumo! Mbona? Kwa sababu aliandikwa lainibeka wa pembeni, foleni moja na wavamizi. Mwaka huo mvamizi Robert Mathis wa Indianapolis aliwaangusha makotabeki mara 19.5. Kwa kipimo hicho mkabaji atapata wapi kura?

Tazama na London Fletcher. Alicheza misimu 16, michezo 256, bila kukosa hata mmoja. Pro Bowl ya kwanza aliipata msimu wake wa 12, 2009, tena kwa kujaza nafasi ya mwenzake aliyekwenda fainali. Hivi hiyo ni haki?

Watu watajibu: mvamizi ndiye anayeshindisha mechi. Sikatai. Lawrence Taylor mwaka 1986 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima, na alistahili. Mvamizi apewe tuzo yake, ila kwenye foleni yake. Associated Press waliliona hilo, wakawatenga wavamizi na malainibeka mwaka 2016. Msimu wa 2021 T. J. Watt wa Pittsburgh aliangusha mara 22.5. All-Pro wakamwita mvamizi, Pro Bowl wakamwita lainibeka wa pembeni. Mtu yule yule, kazi ile ile!

Wengine watasema Pro Bowl yenyewe tangu 2023 imekuwa mchezo wa kuchomoana vitambaa kiunoni, ya nini kugombana? Ndugu zangu, jina hilo ni fedha. Kwa mkataba wa ligi na wachezaji wa 2020, aliyechukuliwa duru ya kwanza akichaguliwa kwa kura za awali katika misimu yake mitatu ya mwanzo, mshahara wa mwaka wa tano unapanda. Anayejaza nafasi hahesabiwi. Anayenyimwa kura ananyimwa ujira.

Kwa hiyo nasema:

1. Wavamizi wawe na foleni yao, wakabaji yao.
2. Mpiga kura atazame kazi aliyopewa mtu, siyo namba moja tu.
3. Jina la nafasi lisimnyime mtu jasho lake.

Naomba kutoa hoja. Mwenye kupinga aje na hoja, asije na kelele.