Kano Tunayoinywa kwa Supu

Kila nikitaja neva za kutengenezwa maabara, lazima mtu anijibu: hayo ni mambo ya wazungu, sisi bado tunatafuta glavu hospitalini. Nimechoka na hilo jibu.

Jirani yangu ni fundi wa madirisha. Kioo kilimkata juu kidogo ya kiwiko. Hospitalini wakamshona ngozi, vizuri kabisa, wakamwambia aende nyumbani. Neva iliyokatika ndani hakuna aliyeigusa. Leo kidole cha pete na kile kidogo vimejikunja kama kucha za mwewe.

Sasa piga hesabu, haihitaji digrii (mimi sina). Neva iliyokatika hukua kama milimita 1 kwa siku. Kiwiko hadi kiganja ni sentimita 30 hivi: siku 300. Msuli uliokosa neva nao hauna subira. Ukipita mwaka, mwaka na nusu, umeisha na haurudi.

Na mara nyingi ncha mbili hazifikiani. Daktari hukata neva nyingine kigimbini azibe pengo, nawe unabaki na ganzi ubavuni mwa wayo. Ndiyo maana watu wanatengeneza vipandikizi. Kuna mirija ya kuongoza nyuzi zinazokua, na University College London wamepanga seli hai ndani ya kolajeni zielekee upande mmoja, kama neva yenyewe. Hizo seli bado ni utafiti. Mirija inauzwa tayari, ya mapengo mafupi.

Mmoja wao, NeuraGen, hutengenezwa kwa kolajeni ya kano ya ng'ombe. Ng'ombe! Hiyo kano sisi tunaitia kwa supu. Mingine ni ya kitosani, inayotoka kwa maganda ya kamba na kaa.

Sisemi tuchemshe neva jikoni. Kusafisha kolajeni hadi mwili usiikatae ni kazi ya miaka, na pesa. Lakini vyuo vyetu vinafundisha uhandisi wa tiba. Wapeni hao wanafunzi kano na bajeti, si semina. Na wakati tunangoja, kumwambia mgonjwa atanue vidole kabla ya kumshona hakugharimu hata shilingi. Mbona hakuna aliyemwambia?

Siku hizi jirani hubeba kioo kwa mkono mmoja. Upande wa pili hushikwa na kijana wake, akitoka shule.